Rafiki wa Mahakama Ni Rafiki wa Nani?



Kesi kati ya mfanyakazi na mwajiri wake huonekana kuwa jambo la watu wawili. Mmoja anadai, mwingine anakana, jaji anasikiliza, anakata shauri, na mambo yamekwisha. Ndiyo maana sisi tunaozunguka katika matawi tunaulizwa kila mara: "Kesi ya shamba la wenzetu inatuhusu nini, na mwajiri wetu ni mwingine?" Jibu letu ni fupi. Waajiri hawaulizi swali hilo. Mmoja wao akishtakiwa, hata kama anayemshtaki ni mkamuaji wa ng'ombe asiye na kiwanja wala baiskeli, chama chao hutuma wakili. Wanajua kwamba hukumu haikai katika shamba moja. Ikitoka leo kwa mmoja, kesho itasomwa mbele ya wote.

Katika makala hii tunataka kuzungumza juu ya mlango mmoja wa mahakama ambao waajiri wameuzoea, nasi wafanyakazi tunaupita kwa nadra sana. Ni mlango wa mtu wa nje, yaani mtu au chama ambacho si mdai wala si mdaiwa, lakini kinaruhusiwa kupeleka maandishi ya kumsaidia jaji kulielewa jambo. Wanasheria humwita rafiki wa mahakama.

Tuanze na jina lenyewe, maana linawapoteza watu. Rafiki huyu si rafiki wa mfanyakazi, wala si rafiki wa mwajiri. Kwa jina, ni rafiki wa jaji. Kazi yake ni kumweleza jaji mambo ambayo wenye kesi hawakuyasema au hawayajui: sheria za nchi nyingine, hesabu, desturi za kazi, na madhara yatakayowapata watu ambao hawamo katika chumba cha mahakama. Hadai fidia. Hana rufani, maana kesi si yake. Mahakama ikimkataa, anakusanya karatasi zake na kwenda zake. Asichanganywe na yule anayeomba kuingizwa katika kesi kwa sababu ina maslahi yake. Huyo akikubaliwa huwa mwenye kesi kama wengine, na gharama za kesi zaweza kumwangukia.

Hayo ni kwa jina. Kwa vitendo, marafiki wengi wana upande wao, na wanakuja wakiwa na hesabu zao kichwani. Hilo si siri wala si dhambi, ila mfanyakazi lazima alijue.

Chukueni kesi ya California, huko Marekani, iliyoamuliwa tarehe 23 Juni 2021. Yatupasa kurudi nyuma kidogo ili ieleweke. Sheria kubwa ya Marekani ya mwaka 1935, iliyowalinda wafanyakazi wanaounda vyama, iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani. Walikaa nje hivyo kwa miaka 40, mpaka migomo ya wachuma zabibu na jitihada za chama ambacho Cesar Chavez alikuwa mmoja wa viongozi wake zikalifanya jimbo la California lipitishe sheria yake lenyewe mwaka 1975. Mwaka huohuo bodi ya kazi za mashamba ya jimbo hilo ikatoa kanuni: watu wa chama waruhusiwe kuingia shambani kuzungumza na wafanyakazi saa moja kabla ya kazi, saa moja wakati wa chakula na saa moja baada ya kazi. Jumla saa tatu kwa siku, na siku zenyewe zisizidi 120 kwa mwaka. Wenye mashamba wakaenda mahakamani, wakashindwa mwaka 1976 katika mahakama ya juu ya jimbo, na kanuni ikadumu.

Mwaka 2015 watu wa chama waliingia katika shamba moja la miche ya stroberi kaskazini mwa jimbo, karibu na mpaka wa Oregon. Mwenye shamba akaishtaki bodi, na kampuni nyingine ya matunda ikaungana naye. Hoja yao kubwa haikuwa kwamba chama ni kibaya. Walisema kwamba serikali inatwaa mali yao bila fidia, kwa kuwa inamruhusu mtu wanayemkataa kukanyaga ardhi yao. Wakasema pia kwamba wafanyakazi wao hawalali shambani, kwa hiyo chama kinaweza kuwapata kwingine. Kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani.

Hapo ndipo marafiki walipomiminika. Vyama vya wenye mashamba, vyama vya wafanyabiashara na taasisi za kutetea mali ya mtu binafsi vilikuja upande mmoja. Vyama vya wafanyakazi na walimu wa sheria vikaja upande wa pili. Na serikali za majimbo mengine zikagawanyika huku na huku. Katika mahakama hiyo maandishi ya rafiki huchapwa kama kijitabu, na rangi ya jalada huonyesha upande: kijani hafifu kwa anayemuunga mkono aliyeileta kesi, kijani kilichokolea kwa anayemuunga mkono mpinzani wake. Kwa hiyo jaji anajua kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Sisi tunaona huo ni utaratibu mwema kuliko kujifanya kwamba kila rafiki ameshuka kutoka mbinguni hana upande.

Na rafiki hugeuka. Mwezi wa Januari 2021 serikali kuu ya Marekani ilipeleka maandishi ya kuwaunga mkono wenye mashamba. Mwezi huohuo serikali ikabadilika, na katika Februari serikali mpya ikaiandikia mahakama kwamba haishiki tena msimamo ule. Kesi ileile, wafanyakazi walewale, sheria ileile. Kilichobadilika ni mtu aliyekalia kiti. Mnaotegemea kwamba serikali itatusemea kila mara, liwekeni hilo akilini.

Mahakama iliamua kwa majaji sita dhidi ya watatu kwamba kanuni ile ilikuwa kweli inatwaa haki ya mwenye ardhi. Wafanyakazi wakashindwa. Hatuwezi kusema walishindwa kwa sababu ya uchache wa marafiki, maana walikuwa nao. Vijitabu si kura, havihesabiwi. Lakini itazameni tena ile hoja ya kulala. Huko California wenye mashamba waliweza kusema wafanyakazi hawalali shambani, na katika mashamba hayo mawili ilikuwa hivyo. Huku kwetu mfanyakazi wa chai au miwa mara nyingi hulala ndani ya shamba, huteka maji ndani ya shamba, huzaa ndani ya shamba, na mtoto wake husoma shule iliyo ndani ya shamba. Ukimzuia mtu wa chama getini, umemzuia asimfikie mfanyakazi mchana na usiku. Wakili wa mwajiri akija kesho na ile hukumu ya Marekani mkononi, akamwambia jaji wetu "tazama wakubwa walivyoamua," nani atasimama kueleza tofauti hiyo? Mdai mmoja mwenye wakili wa kuazima, anayepigania mshahara wake wa miezi mitatu, hatakumbuka. Hiyo ndiyo kazi ya rafiki.

Mfano wa pili unatoka jimbo la Washington, hukohuko Marekani, na huu unaonyesha jinsi waajiri walivyo wepesi. Wakamuaji wa ng'ombe katika shamba moja la maziwa walidai malipo ya ovataimu. Sheria ya jimbo ya mwaka 1959 ilikuwa imewanyima ovataimu wafanyakazi wa mashambani. Madai yao mengine walipatana na mwajiri wao, likabaki suala hilo moja la ovataimu. Vyama viwili, cha wenye ng'ombe wa maziwa na cha wakulima wa jimbo, havikutosheka na kuandika kama marafiki. Viliomba kuingizwa ndani ya kesi, vikakubaliwa, vikapigana hadi mwisho. Kwa nini? Kwa sababu vilijua kwamba mkamuaji mmoja akishinda, kila mkamuaji katika jimbo ameshinda. Na ikawa hivyo. Tarehe 5 Novemba 2020, kwa majaji watano dhidi ya wanne, mahakama ya juu ya jimbo ilisema wakamuaji wana haki ya ovataimu. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria kwa wafanyakazi wote wa mashambani: ovataimu baada ya saa 55 kwa wiki mwaka 2022, baada ya saa 48 mwaka 2023, na baada ya saa 40 kuanzia 2024. Wachuma tufaha ambao hawakuwahi kumwona ng'ombe wa shamba lile wanalipwa kwa sababu ya wakamuaji wale. Sasa, yule anayeuliza kesi ya jirani inamhusu nini, na awaulize wachuma tufaha.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi uko karibu nasi, Afrika Kusini, na unawahusu wake zetu, mama zetu na dada zetu.

Katika shamba moja la machungwa huko Western Cape aliishi mfanyakazi na mkewe kwa miaka mingi. Mume alifukuzwa kazi, na mwenye shamba akataka familia itoke. Mke naye alikuwa akifanya kazi za msimu katika shamba hilohilo. Akaenda mahakamani kusema: mimi nami ni mkaaji, nina haki yangu mwenyewe chini ya sheria ya 1997 inayowalinda wakaaji wa mashambani, wala hamkunishtaki mimi. Mahakama ya madai ya ardhi ikamkatalia. Ikamwona kuwa anaishi pale chini ya mumewe, hivyo mume akitoka naye anatoka, kama sufuria na kitanda.

Kesi ikafika Mahakama ya Katiba. Huko chama kimoja kiitwacho Women on Farms Project, kinachofanya kazi na wanawake wa mashambani wa jimbo hilo, kilikubaliwa kuwa rafiki wa mahakama. Hakikuwa mdai. Hakikutafuta nyumba. Kilikuja kwa sababu kinayajua maisha ya wanawake wale, si katika shamba moja bali katika mengi: jinsi nyumba inavyoandikwa kwa jina la mwanamume, jinsi mwanamke anavyopewa kazi ya msimu mwaka baada ya mwaka, na jinsi kufukuzwa kwa mwanamume kunavyomaliza makao ya mwanamke ambaye hakukosa lolote. Mwezi wa Julai 2016 mahakama iliamua kwamba mama yule ni mkaaji kwa haki yake mwenyewe. Ikayakataa kabisa yale mawazo ya kuwa mke anaishi chini ya mume.

Tunawaomba akina baba wanaosoma ukurasa huu wasiruke haraka. Sisi tumeona jambo hilohilo kwa macho yetu, katika shamba moja la chai ambalo hatulitaji. Nyumba zote za kambi ziliandikwa majina ya wanaume. Mwanamke mmoja alikuwa mchumaji mwenye namba yake, mizani yake na mshahara wake. Mumewe aligombana na mnyapara, akaachishwa kazi. Karani wa kambi akampa mwanamke siku saba ahame, huku asubuhi ya siku ya nane akitakiwa awe kwenye mstari na kikapu mgongoni. Tulikwenda kuzungumza na meneja. Alitujibu kwamba daftari la nyumba halina jina la mwanamke huyo. Kweli halikuwa nalo. Lakini nani aliyeliandika daftari?

Sasa fikirini kesi kama hiyo imefika mbele ya jaji. Jaji ni mtu mwenye elimu, lakini hajawahi kubeba kikapu. Hajui kwamba nyumba ya kambi ni sehemu ya mshahara. Hajui kwamba mtu akitolewa nyumba amekwisha tolewa kazini, maana hakuna kijiji cha kupanga chumba umbali wa kutembea kabla ya saa kumi na mbili. Wakili wa mwanamke atajua kifungu cha sheria. Habari ya maji, kuni na kilo zinazokatwa kwenye mizani itamtoka wapi? Chama cha wafanyakazi kinayajua mambo hayo kwa mashamba kumi na kwa miaka ishirini. Kukaa nayo kimya wakati jaji anayahitaji ni hasara kubwa.

Wako wanaosema mlango huo upo Ulaya na Marekani tu. Si kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 22, inasema wazi kwamba chama au mtu mwenye ujuzi maalumu anaweza, kwa ruhusa ya mahakama, kufika kama rafiki wa mahakama katika kesi za haki za msingi. Hapa Uganda, mwaka 2016, Mahakama ya Juu iliwakubali walimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Makerere kuwa marafiki katika kesi ya uchaguzi wa rais, na mwaka 2022 zikatolewa kanuni maalumu za jambo hili. Walimu wameupita mlango. Mchuma chai na mkata miwa nao wana ujuzi maalumu, ingawa hawakuusomea chuoni.

Wengine wanasema ni gharama. Gharama ipo, ila ni ndogo kuliko ya kuendesha kesi nzima, na ni ndogo sana kuliko gharama ya hukumu mbaya inayotubana wote kwa miaka kumi. Tumeona vyama vikitumia fedha kwa fulana za sikukuu ya Mei Mosi bila mtu kuuliza. Fulana hatuzichukii; tunalinganisha tu.

Kuna hoja moja tunayoipa uzito zaidi, nayo ni ya wazee wa chama. Wanasema: tukizoea kupeleka karatasi mahakamani, tutasahau kuandikisha wanachama, na chama kitakuwa cha mawakili. Wana haki ya kuogopa. Hata wakamuaji wa Washington walipata ushindi kwa sababu kwanza kulikuwa na wakamuaji waliokubali kutoa majina yao na kusimama. Karatasi haiwezi kusimama mahali pa mtu. Na tena kuna marafiki wa mjini, wenye gari na fedha za wafadhili, wanaotuandikia mambo yetu bila kufika kambini hata siku moja. Huandika kwamba sisi ni wanyonge, tunahitaji kuhurumiwa. Jaji akisoma hivyo atatuhurumia, kisha atahukumu kwa yale yaliyothibitishwa. Katika ile Mahakama ya Juu ya Marekani, rafiki hutakiwa kusema ndani ya maandishi yake kama wakili wa mmoja wa wenye kesi aliyaandika, na ni nani mwingine aliyetoa fedha. Tungependa kanuni hiyo tuitumie wenyewe kwa kila anayekuja kusema kwa jina letu, awe mwenzetu au si mwenzetu.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa halmashauri kuu ni hili. Chama kiwe na mtu mmoja, si lazima awe mwanasheria, wa kufuatilia kesi za kazi za mashamba katika Mahakama ya Kazi na mahakama za juu, hata zile ambazo hazina mwanachama wetu. Likionekana jambo litakalotugusa wote, kama nyumba, mizani, kuingia kwa watu wa chama shambani au kazi za msimu zisizokwisha, chama kimtafute wakili na kiombe ruhusa mapema, kabla ushahidi haujafungwa. Maandishi yasomwe kwanza mbele ya tawi linalohusika, kwa lugha wanayoisikia watu wa tawi hilo, iwe Kiswahili kwa wenzetu waliotoka Kongo na Kenya au lugha nyingine, na wafanyakazi wayasahihishe. Wakili akisema hana muda wa kusomewa makosa yake na mchuma chai, atafutwe mwingine. Na yale yasiyotusaidia yasifichwe. Kama wanawake wengine wamekwisha andikiwa nyumba kwa majina yao, tuseme hivyo, maana rafiki akishikwa na uongo mara moja hataitwa rafiki tena.

Matawi yasingoje halmashauri. Kinachohitajika kwanza kiko mikononi mwenu: barua za kupewa nyumba na jina lililoandikwa juu yake, vikaratasi vya mizani, barua za kazi za msimu zinazoonyesha mtu amerudi shamba lilelile mara ngapi, na notisi za kuhama. Wekeni asili, toeni nakala, mkabidhini katibu wa tawi pamoja na tarehe. Asiyejua kuandika aende akaeleze kwa mdomo. Katibu atamwandikia na kumsomea kabla hajaweka dole gumba.